Lori limemuua mtu wetu: maswali ya fidia yanayoulizwa mara kwa mara nchini Kenya

Barabara ya kutoka Mombasa hadi Malaba na Busia ndiyo inayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Wanaoishi kando yake wanazijua sehemu zake mbaya kwa majina: Salgaa, Sachangwan, Londiani. Pale Londiani, jioni ya Juni 30, 2023, lori la kontena liliwavamia wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa wakisubiri magari, na watu wapatao hamsini wakapoteza maisha. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo familia huuliza, mara nyingi hata matanga hayajaanuliwa. Majibu ni ya sheria ya Kenya. Aliyefiwa Tanzania au Uganda asifuate muda wala viwango vilivyotajwa hapa. Kwao kuna sheria nyingine.

Dereva ameshtakiwa na polisi. Hiyo si ndiyo kesi yetu?

Sio. Ile ni kesi ya Jamhuri dhidi ya dereva. Akipatikana na hatia ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10, na akitozwa faini, faini hiyo inaingia serikalini. Mjane hapati hata ndururu. Fidia hutafutwa katika kesi ya madai, ambayo familia yenyewe inafungua.

Hata hivyo kesi ya trafiki ina faida yake. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya hatia isiyokatiwa rufaa ni ushahidi wa mwisho kwamba mtu huyo alitenda kosa. Kwa hiyo ombeni nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Na dereva akiachiliwa je? Msikate tamaa. Kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka, ile ya madai hupima tu upande upi una uzito zaidi. Wala hakuna sheria inayowalazimisha kungoja trafiki imalizike kwanza, na kungoja huko kumewanyima haki watu wengi, kama mtakavyoona tukifika kwenye swali la muda.

Tunadai chini ya sheria gani?

Mbili, na wakili mzuri huzitaja zote katika hati moja ya madai.

Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni ya walio hai. Inauliza: marehemu alikuwa akiwalisha nani, na wamepoteza kiasi gani? Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ni ya marehemu mwenyewe: haki aliyokuwa nayo ya kudai maumivu aliyopata kabla ya kukata roho, na maisha aliyopunguziwa, haifi naye bali inahamia kwenye mirathi yake. Tofauti hii inaonekana kama ya wasomi tu, lakini subirini mpaka pesa zigawanywe.

Nani anahesabiwa kuwa mtegemezi?

Mke, mume, wazazi na watoto. Neno mzazi linajumuisha babu, bibi na mzazi wa kambo. Neno mtoto linajumuisha mjukuu na mtoto wa kambo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa sawa na aliyezaliwa ndani, na aliyeasiliwa vivyo hivyo. Mke wa pili pia, ikithibitika kwamba ndoa ilikuwepo.

Kaka na dada hawamo. Hili huwauma wengi, hasa pale marehemu alipokuwa akimsomesha mdogo wake, lakini ndivyo kifungu kilivyoandikwa.

Nani hasa anakwenda mahakamani?

Msimamizi wa mirathi. Hamhitaji kungoja usimamizi kamili wa mali, unaochukua miezi mingi na huzua vita vya mashamba. Kuna hati ndogo ya usimamizi inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, ambayo mawakili huiita *ad litem*. Mnaiomba mahakamani mkiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu inayoorodhesha walioachwa. Kesi ya mirathi chini ya Sura ya 26 ikifunguliwa kabla hati hiyo haijatoka, inaweza kutupwa nje hata kama lori lilikuwa na makosa yote ya dunia.

Kama hakuna msimamizi, au yupo lakini miezi 6 imepita tangu kifo bila kufungua kesi, wategemezi wanaweza kudai kwa majina yao wenyewe chini ya Sura ya 32.

Ushauri wangu: kaeni kama ukoo mapema mkubaliane nani atakayesimama. Nyumba mbili zikikimbilia kila moja kuchukua hati yake na wakili wake, bima hukaa kando na kutazama.

Tuna muda gani?

Miaka 3 kuanzia siku ya kifo. Si siku dereva alipohukumiwa, wala siku mlipopata abstrakti, ile karatasi ya polisi yenye taarifa za ajali. Kama lori ni la serikali, kwa mfano la wizara, hesabuni miezi 12 tu. Mkitaka kuishtaki mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, kwa mfano kwa sababu ya shimo au kukosekana kwa alama, nako ni miezi 12, na lazima muwape notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kufungua kesi.

Wiki za kwanza tufanye nini?

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kupotea, kwa hiyo nitalivuta jibu hili.

Anzeni kwa abstrakti ya polisi, kutoka kituo kinachohusika na eneo la ajali, ambacho huenda si kile kilicho karibu na mochari. Isomeni mkiwa bado mezani kwa askari. Jina la marehemu limeandikwa sawasawa na kitambulisho? Nambari ya lori iko sahihi? Jina la kampuni ya bima na nambari ya sera, yaani ya mkataba wa bima, vimejazwa? Trela nyingi zina nambari mbili, ya kichwa na ya tela yenyewe inayoanza kwa herufi Z, na wakati mwingine kila moja ina mwenyewe na bima yake. Askari akiandika ya kichwa peke yake, mwombeni kwa adabu aongeze ya pili. Kurekebisha siku hiyo ni dakika mbili. Kurekebisha miaka miwili baadaye, askari yule akiwa amehamishiwa Mandera, ni kazi nyingine.

Halafu upasuaji wa maiti. Familia nyingi, hasa za Kiislamu zinazotaka kuzika siku hiyo hiyo, hukwepa hatua hii, na inaeleweka. Lakini kama marehemu alilazwa hospitalini wiki tatu kabla ya kufa, bima itadai kwamba alikufa kwa ugonjwa mwingine, na ripoti ya daktari ndiyo itakayowajibu. Ikishindikana kabisa, hifadhini kibali cha mazishi, muhtasari wa hospitali na majina ya walioushuhudia mwili.

Risiti zote ziwekwe katika bahasha moja: hospitali, mochari, jeneza, gari la kusafirisha mwili, hema, chakula cha waombolezaji. Mahakama huwa haimhoji sana mfiwa juu ya risiti za mazishi, na majaji wamewahi kukubali kiasi cha wastani bila karatasi, lakini gharama za hospitali hazina huruma hiyo. Ni gharama maalumu. Zisipotajwa kwa shilingi katika hati ya madai na kuthibitishwa, hamzipati.

Mwisho, mashahidi. Chukueni nambari za simu za aliyeiona ajali: muuza mahindi, mhudumu wa bodaboda, abiria mwingine. Kama mna wasiwasi juu ya mwendo au uzito wa lori, mwambieni wakili aandike mapema kuomba kumbukumbu zihifadhiwe. Lori la mizigo mizito hupita kwenye mizani za Mariakani, Mlolongo, Gilgil au Webuye na huacha rekodi, na kidhibiti mwendo nacho huhifadhi kasi. Rekodi hizo hazikai milele.

Lori ni la nani? Mlangoni limeandikwa jina la kampuni, logbuku ina jina lingine.

Ombeni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nakala ya rekodi za gari. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na yeye akisema aliliuza zamani, ni juu yake kuonyesha. Mara nyingi mtakuta jina la benki likiwa sambamba na la mfanyabiashara. Benki imekopesha tu, haikumtuma dereva barabarani. Anayetafutwa ni yule ambaye dereva alikuwa akimfanyia kazi, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mwajiriwa wake kazini. Ndiyo maana dereva na mwenye gari hushtakiwa pamoja. Kama kuna shaka, washtakini wote na muwaache wasukumane wao kwa wao.

Fidia inahesabiwaje?

Kwa kupoteza tegemeo, hakimu huchukua vitu vitatu: kipato cha marehemu kwa mwezi baada ya makato ya sheria, idadi ya miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, na sehemu ya kipato iliyokuwa ikienda kwa familia. Kwa mwenye mke na watoto, sehemu hiyo kwa kawaida ni theluthi mbili. Kwa kijana asiyeoa aliyekuwa akiwatumia wazazi, mara nyingi ni theluthi moja.

Tuchukue mfano wa fundi wa miaka 38, ana mke na watoto watatu, alikuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi. Tuseme hakimu amempa miaka 15. Shilingi 20,000 mara miezi 12, mara 15, mara theluthi mbili: ni shilingi 2,400,000. Msishangae kuona 15 badala ya 22 iliyobaki kufika 60. Mahakama hupunguza kwa sababu maisha yana mengi, na kwa sababu pesa zinatolewa zote kwa mkupuo.

Juu yake kuna madai ya mirathi. Kwa kupunguziwa maisha, mahakama zimezoea kutoa kama shilingi 100,000. Kwa maumivu, kiasi hupanda kulingana na muda aliougua: aliyekufa papo hapo hupewa kidogo, aliyelala hospitalini siku nyingi hupewa zaidi. Tuseme 50,000, na mazishi 80,000. Jumla inakuwa shilingi 2,630,000. Kwa kuwa watu wale wale wananufaika chini ya sheria zote mbili, hakimu hulizingatia hilo asije akalipa jambo moja mara mbili. Halazimiki kukata senti kwa senti.

Pesa ambazo familia imelipwa kutoka bima ya maisha ya marehemu hazipunguzwi. Alizilipia mwenyewe.

Riba? Kwa gharama maalumu, huanza kuhesabiwa tangu kesi ilipofunguliwa. Kwa fidia ya jumla, ile anayoikadiria hakimu, tangu siku ya hukumu.

Marehemu hakuwa na hati ya mshahara. Alikuwa akiuza mitumba.

Wengi wanaouawa kando ya barabara ndio hao. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa wazo kwamba kazi na kipato huthibitishwa kwa vyeti tu, kwa sababu Wakenya wengi hawana karatasi lakini wanakula na kusomesha. Leteni taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, daftari la chama, risiti za kodi ya kibanda, karo alizolipa, jirani wa sokoni atakayeeleza biashara ilikuwaje. Bila hayo, hakimu hutumia kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, au huacha hesabu kabisa na kutoa kiasi kimoja cha jumla. Msitie chumvi. Mjane anayesema mumewe alipata 150,000 kwa mwezi wakati M-Pesa inaonyesha 18,000 huharibu hata yale ya kweli aliyosema.

Na kama aliyekufa ni mtoto wa shule?

Wazazi wanaweza kudai. Mahakama haina kipato cha kuhesabu, basi hutoa kiasi cha jumla ikitazama umri, masomo yake na matarajio ya kawaida kwamba mtoto angewasaidia wazazi uzeeni.

Bima italipa zote?

Bima ya lazima ya mtu wa tatu, chini ya Sura ya 405, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Hukumu ikiwa milioni 4 na nusu, ile milioni moja na nusu ni ya mwenye lori. Ndiyo sababu ya kujua kama ana mali au ana lori hilo moja lililoungua.

Kampuni ya bima haishtakiwi mwanzoni. Mnamshtaki mwenye gari na dereva, huku mkiipa bima notisi ya kesi. Itumeni kabla ya kufungua, msibahatishe na siku. Mkipata hukumu na bima ikinyamaza, mnafungua kesi ya pili fupi ya kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Na bima ikiwa imefilisika? Hapo mwenye lori bado anadaiwa, nanyi mnapeleka madai kwenye Mfuko wa Fidia wa Wenye Sera, ingawa kiasi chake hakitoshi kuziba hukumu kubwa.

Lori lilikuwa na nambari za Uganda.

Ulizeni Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ni bima inayovuka mipaka: lori la Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Zambia linaloingia Kenya nayo linachukuliwa kuwa na bima inayotakiwa hapa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki katika mpango wa kadi hiyo. Hakikisheni nambari ya kadi imeandikwa kwenye abstrakti kabla lori halijaachiliwa kurudi kwao.

Marehemu ndiye alikuwa dereva wa lori, au utingo.

Mlango wenu wa kwanza ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, WIBA. Hamhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba alikufa kazini. Wategemezi hulipwa mapato ya miezi 96. Aliyekuwa akipata 25,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 2,400,000. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani, na yafike ndani ya miezi 12. Mwajiri atakayesema utingo hakuwa mwajiriwa wake bali "kijana wa dereva" ni wa kawaida sana. Tafuteni ujumbe wa simu, pesa za safari alizotumiwa, picha zake garini. Kama ajali ilisababishwa na gari lingine, mwenye gari hilo anaweza kushtakiwa mbali na WIBA.

Wanasema marehemu naye alikuwa na makosa.

Watasema. Alikuwa kwenye bodaboda bila helmeti, alivuka pasipo kivuko, alikaa juu ya shehena. Hakimu akikubali, hugawa lawama kwa asilimia. Katika ule mfano wetu, marehemu akibebeshwa asilimia 20, shilingi 2,630,000 zinashuka hadi 2,104,000. Abiria aliyeketi ndani ya matatu iliyogongana na lori kwa kawaida halaumiwi. Shtakini pande zote mbili.

Kwa waliofia kwenye lori la mafuta lililopinduka wakichota mafuta, kama Sachangwan Januari 31, 2009, ambako zaidi ya watu 100 walikufa, msitarajie mteremko. Anayeifuata hatari kwa miguu yake hubeba sehemu kubwa ya lawama.

Mwenye lori alileta ng'ombe na shilingi 50,000 matangani. Tumeshalipwa?

Rambirambi ni rambirambi. Kinachofunga mlango ni saini. Wakala wa bima akija na hati ya kukubali malipo yenye maneno kwamba mmepokea "malipo kamili na ya mwisho", msitie saini wala dole gumba kabla mtu asiye wa kwao hajaisoma. Kupatana nje ya mahakama si vibaya; nimeona mapatano mazuri yaliyookoa miaka mitatu ya kuhudhuria korti. Ubaya ni kupatana wiki ya pili, mkiwa na deni la mochari.

Wakili anataka asilimia 40, na alitufuata hospitalini.

Kuna makosa mawili hapo. Kuwinda wateja kupitia madalali ni kosa, na kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ya kulipwa pale tu kesi ikishinda. Ada hufuata kanuni za malipo ya mawakili, na mkishinda, upande wa pili huamriwa kulipa gharama. Asiye na kitu anaweza kuomba kufungua kesi kama fukara bila ada ya mahakama, au aende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria.

Tutakwenda mahakama gani?

Kwa hakimu, karibu kila mara. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza madai hadi shilingi milioni 20.

Pesa zikitoka, zinagawanywaje?

Sasa ile tofauti ya sheria mbili. Za Sura ya 32 hugawanywa na mahakama kwa kila mtegemezi kulingana na alichopoteza. Mtoto wa miaka 3 huweza kupata zaidi ya yule wa 17. Za Sura ya 26 ni mirathi, na kwa Waislamu hufuata mafungu ya Kiislamu. Kwa hiyo nyanya wa Likoni aweza kupata fungu katika moja na kiasi tofauti katika nyingine, bila yeyote kudhulumiwa. Sehemu za watoto huwekwa kwenye akaunti hadi wafike miaka 18, na mlezi akihitaji karo anaiomba mahakama.

Bima imeshalipa, lakini wakili hapokei simu.

Andikeni barua kwa bima kuuliza ni tarehe gani walilipa, kiasi gani, na kwa akaunti ipi. Mkishapata jibu, mwandikieni wakili mkidai hesabu kamili, mpeleke barua wenyewe na mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Asipojibu, chukueni nakala hizo mbili mzipeleke Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Kulalamika huko hakulipiwi, na mnaweza kuandika kwa Kiswahili.